Mafuriko Huchukua Mavuno Mawili

Mkulima anayekaa karibu na mto hana haja ya kuelezwa mafuriko ni kitu gani. Ameyaona kwa macho yake. Aliamka usiku kwa kelele za mbwa, akateremsha mguu kitandani, akakanyaga maji. Kulipokucha aliona mahindi yake yamezama nusu, kuku wako juu ya paa, na njia ya kwenda sokoni haionekani.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikiri mpaka limetupata. Mafuriko huchukua mavuno mawili. Ya kwanza ni yale yaliyo shambani siku hiyo. Ya pili ni ya msimu unaofuata, maana mkulima hana mbegu, hana mbolea, na fahali wa kulima amekwisha kumwuza ili watoto wale. Na deni la shamba liko pale pale. Maji husomba mahindi, lakini deni hayalisombi.

Kwa hiyo mkulima wa skimu ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuokoa watu, mifugo na mazao kwa jembe lake na akili yake. Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba hata zao likipotea ataweza kupanda tena. Katika kazi hii ya pili ndipo bima inapoingia. Makala haya yataeleza zote mbili.

MVUA HIZI HUTOKA WAPI

Sisi wa Kenya tuko juu ya mstari wa Ikweta, na karibu sana na Ikweta vimbunga vikubwa vya bahari haviwezi kujizungusha vikapata nguvu. Ndiyo sababu ni nadra sana kimbunga chenyewe kufika kwetu. Hata hivyo vinapopita jirani hutugusa. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji, na huku kwetu mvua ndefu zilichelewa kwa kuwa unyevu ulivutwa kwenda kusini. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na wavuvi wa Kenya walionywa wasiende baharini. Wakati huo mito yetu ilikuwa imekwisha kufurika kwa mvua ndefu za mwaka huo, ambazo ziliua watu karibu 300 katika nchi nzima.

Mvua zetu fupi nazo huongezeka sana maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapopata joto kuliko kawaida. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019. Mara nyingine jambo hilo huja pamoja na El Niño, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Wazee wa kando ya Ziwa Victoria wanakumbuka pia mvua za 1961. Kutoka mwaka huo mpaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likarudi tena katika kiwango kile. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mafuriko ni jambo la bahati mbaya lililotokea mara moja tu. Yalikuja zamani, yamekuja juzi, na yatakuja tena.

MVUA YA MLIMANI, MAFURIKO YA TAMBARARE

Tutazame Tambarare ya Kano. Mto Nyando hukusanya maji yake katika vilima vya Nandi na Tinderet na sehemu za Londiani, ukapita Muhoroni kwenye mashamba ya miwa, kisha ukateremka Ahero kwenye skimu ya mpunga. Huko juu mto una mteremko na maji hukimbia. Ukifika Kano nchi ni sawa kama meza na udongo ni mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishiba haunywi tena. Hapo maji hupunguza mwendo, huangusha tope, na mto hujaa mchanga. Mvua ikizidi, maji hayana pa kwenda ila mashambani.

Ndivyo ulivyo pia Mto Nzoia. Hutoka Milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukaishia Budalangi. Huko zilijengwa kuta za udongo kandokando ya mto, lakini zimebomoka mara kadhaa, kama 2003 na 2008.

Jifunze jambo hapa. Mkulima wa Kano aweza kufurikiwa siku ambayo kwake kuna jua. Usitazame mawingu ya kwako tu, bali tazama pia mlima ulikotoka mto wako. Ukisikia kwamba mvua kubwa imenyesha huko juu, jua kwamba maji yako njiani.

Na mvua kubwa ni kiasi gani? Idara ya Hali ya Hewa hupima kwa milimita, na wengi husikia hesabu hiyo redioni bila kuijali. Milimita 50 zikinyesha katika ekari moja ni maji zaidi ya lita 200,000, yaani mapipa 1,000 yale ya lita 200. Hayo ni ya ekari moja tu. Hesabu sasa ekari za vilima vyote vya Nandi, utajua mto umebeba nini.

KAZI YA KABLA YA MVUA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya mafuriko hufanywa wakati wa kiangazi, mwezi wa pili kabla ya mvua ndefu na mwezi wa tisa kabla ya mvua fupi.

Kwanza, zibua mitaro. Mtaro uliojaa nyasi na tope hauna faida. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, kwa sababu ukizibua wako na jirani wa chini asizibue wake, umempelekea maji na yeye atakurudishia. Kamati ya skimu na iweke siku, kila mwenye ploti atoe mtu na jembe.

Pili, tunzeni kuta za mto. Ng'ombe wasipitishwe juu yake, mtu asilime ubavuni mwake, na mashimo ya panya na fuko yazibwe. Shimo dogo la fuko ndilo mlango wa mto. Panda nyasi zenye mizizi mingi, na uiache miti ya kando ya mto isimame.

Tatu, weka alama. Tafuta mti au nguzo inayoonyesha maji yalifika wapi 2020 au 2024, uipake rangi. Nyumba mpya, ghala na choo visijengwe chini ya alama hiyo. Ghala liinuliwe juu ya nguzo, na magunia yasikae sakafuni. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, kufikia unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, yakiwekwa katika magunia yasiyopitisha hewa hukaa salama.

Nne, fikiria kitu cha kupanda na mahali pa kukipanda. Mahindi machanga yakisimama majini siku chache tu hufa, maana mizizi hukosa hewa. Mpunga huvumilia maji miguuni, lakini nao ukifunikwa wote kwa zaidi ya wiki moja huweza kuoza. Nduma hupenda maji. Basi mahindi yapande sehemu iliyoinuka, na kila familia iwe na kipande cha mihogo au viazi vitamu mahali pa juu.

Tano, chanjo ya mifugo. Baada ya mvua za 1997 na za 2006, Homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini, ikaua mifugo na watu. Mbu waliozaliwa katika maji ya mafuriko ndio hueneza ugonjwa huu. Chanjo yake hutolewa kabla ya mvua, maana ugonjwa ukisha kuingia, sindano yenyewe yaweza kuueneza kutoka mnyama hadi mnyama. Mwone daktari wa mifugo mapema.

Sita, hati zako. Barua ya kugawiwa shamba, hati ya kumiliki, risiti za kulipa mkopo, vitambulisho na vyeti vya watoto viwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Piga picha za bikoni za shamba lako zikiwa zinaonekana, pamoja na kitu cha karibu kisichohama kama mti mkubwa au mwamba. Tope likizifunika, hutagombana na jirani.

MAJI YAKIJA

Ukisikia onyo, hama mchana. Usingoje kuona maji mlangoni, kwa maana maji huingia usiku na usiku hakuna anayeona njia. Watoto, wazee na wagonjwa watangulie. Wafungue ng'ombe na mbuzi, maana mnyama aliyefungwa hufa katika kamba yake.

Usivuke maji yanayokwenda mbio, hata kama yanafika magotini tu. Maji ya magotini yenye kasi humwangusha mtu mzima, na gari huelea katika maji ambayo dereva anayaona kuwa ni machache. Mali hutafutwa tena, lakini roho haitafutwi.

MAJI YAKIONDOKA

Wengi hufanya haraka, wakaharibu zaidi. Udongo mweusi ukikanyagwa ukiwa na maji hugandamana kama tofali. Fungua mitaro, maji yaondoke, ungoje mpaka udongo usishike jembe.

Maji ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa vyoo vimefurika na kipindupindu hakiko mbali. Nafaka iliyolowa na kuota ukungu isiliwe na watu wala wanyama, kwa sababu ina sumukuvu. Mnyama mgonjwa asichinjwe, na maziwa yasinywewe mabichi.

Mahindi yaliyosalia na kugeuka manjano yana njaa, maana maji yameondoa mbolea. Mbolea ya kukuzia kidogo yaweza kuyaokoa yakiwa bado machanga. Penye pengo panda kitu cha muda mfupi, kama kunde, ndengu au maharagwe, unyevu ungali ardhini.

Lakini hapa ndipo tunaporudi pale tulipoanzia. Mbegu hiyo itanunuliwa kwa pesa gani?

BIMA NI NINI

Bima si ajabu kwetu. Ni kama chama cha mazishi. Kila mtu hutoa kidogo, na aliyefikwa na msiba hupewa. Asiyefikwa hajaibiwa, kwa kuwa amelala usingizi akijua kwamba akifikwa atasaidiwa. Tofauti ni kwamba chama cha kijiji kimoja hakifai kwa mafuriko, maana siku hiyo wote wamefikwa pamoja na hakuna wa kumpa mwenziwe. Kampuni ya bima hukusanya ada kutoka sehemu nyingi za nchi, na Kano wakifurika, Nakuru hawajafurika.

Wala jambo la kumlinda mkulima asianguke kwa hasara ya msimu mmoja halikuanza leo. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni iliwahakikishia wenye mashamba makubwa pato la chini kwa kila ekari ya ngano na mahindi. Zao lilipoharibika, walilipwa. Mkulima mdogo hakuwamo. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa taifa wa bima ya kilimo, ukaanza na mahindi na ngano, na serikali ikachangia nusu ya ada. Kiasi cha mchango huo na mazao yanayokubaliwa uyaulize kila msimu katika ofisi ya kilimo kabla ya kulipa.

Bima ya mpango huu haikagui shamba la kila mtu. Nchi hugawanywa katika maeneo ya bima. Katika kila eneo huchaguliwa mashamba machache, mazao yake huvunwa na kupimwa, na wastani wake hulinganishwa na wastani wa miaka iliyopita. Ukiwa chini ya kiwango kilichowekwa katika mkataba, kila aliyelipa ada katika eneo hilo hulipwa.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuseme eneo lenu kwa kawaida hutoa magunia 15 ya mahindi kwa ekari, na mkataba unalinda asilimia 70, yaani magunia 10 na nusu. Tuseme bei iliyowekwa ni Sh. 3,000 kwa gunia. Kinga ya ekari moja ni Sh. 31,500, na ya ekari 2 ni Sh. 63,000. Ikiwa ada ni asilimia 6, utalipa Sh. 3,780, na serikali ikichangia nusu utalipa Sh. 1,890. Mafuriko yaje, wastani wa eneo ushuke hadi magunia 6. Upungufu ni magunia manne na nusu kwa ekari. Utalipwa Sh. 13,500 kwa ekari, nazo kwa ekari 2 ni Sh. 27,000. Hutatajirika. Lakini mbegu, mbolea na kazi ya trekta zimepatikana, na fahali yuko zizini.

MAJIRANI WAWILI

Tuseme katika skimu moja kando ya mto wako majirani wawili, mzee mmoja na mama mmoja. Mama amelipa ada, mzee hakulipa.

"Mama," asema mzee, "nasikia umewapelekea watu wa bima pesa. Je, unaombea mafuriko?"

"La, Mzee wangu. Naomba mvua nzuri kama wewe. Lakini mlango wangu naufunga usiku, wala simwombei mwizi aje."

"Na mafuriko yasipokuja? Pesa zako zimekwenda bure."

"Mwaka huo nitavuna, Mzee. Nikivuna, pesa hizo si nyingi."

"Haya. Na maji yakiingia kwako peke yako, eneo lililobaki likavuna?"

Hapo mama ananyamaza, kwa maana hilo hakuliuliza.

Mzee ameuliza swali la maana kuliko yote, na ni lazima tumjibu kwa ukweli. Chini ya bima ya wastani wa eneo, maji yakiharibu ploti zilizo kando ya mto tu, na sehemu kubwa ya eneo ikavuna vizuri, wastani hautashuka na wa kando ya mto hatalipwa. Wakulima wengine wameichukia bima kwa sababu waliambiwa jambo hili baada ya hasara badala ya kabla. Mto haumfuriki kila mtu kwa usawa, kwa hiyo wenye ploti za chini wasiende mmoja mmoja. Waende kama kikundi, waulize kama mipaka ya eneo la bima inawatenga na wa juu, au kama kampuni yaweza kuwapa mkataba wa namna nyingine, ule ambao mkaguzi huja kutazama hasara yenyewe shambani. Mkataba huo huwa na ada kubwa zaidi, lakini kwa ploti ya kando ya mto waweza kuwa ndio unaofaa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

1. Je, mafuriko yameandikwa katika mkataba? Bima nyingine ni ya ukame peke yake. Usikubali jibu la mdomo. Onyeshwa mahali palipoandikwa.

2. Eneo la bima linaanzia wapi na kuishia wapi, na wastani wake ni magunia mangapi?

3. Hasara ikifika kiasi gani ndipo fidia huanza, na huchukua muda gani kulipwa? Fidia inayofika baada ya kupanda imechelewa.

4. Siku ya mwisho ya kulipa ada ni lini? Bima hununuliwa kabla ya msimu kuendelea. Ukiisha kuona mto umejaa, hakuna atakayekuuzia.

5. Nikipata hasara natakiwa nipige ripoti kwa nani, na kwa siku ngapi?

6. Kampuni hii imeandikishwa? Mamlaka ya Kusimamia Bima ndiyo hutoa leseni. Dai risiti na nakala ya mkataba, usimpe pesa mtu wa njiani.

Tena kumbuka kwamba bima ya mazao hailindi nyumba wala ng'ombe. Ng'ombe ana bima yake, na kwa kawaida hutakiwa cheti cha daktari wa mifugo na alama sikioni. Bima ya nyumba nayo mara nyingi ni ya moto, na mafuriko huongezwa kwa kuomba.

BIMA HAIZIBUI MTARO

Yuko mkulima ambaye akisha kulipa ada huweka jembe kando. Huyo amekosea. Bima hailinganishi shamba lako na juhudi zako bali na wastani, na kama wote tukiacha mitaro ijae, wastani wa miaka ijayo utashuka na kinga yetu itashuka pamoja nao. Tena hakuna mkataba unaorudisha uhai wa mtoto aliyesombwa, wala udongo mzuri ulioteremka ziwani.

Lakini yuko na mwingine, mwenye bidii sana, mitaro yake safi na ghala lake juu ya nguzo, asemaye kwamba yeye hahitaji bima. Huyo naye afikiri. Mvua za 2024 hazikumwuliza mtu kama mitaro yake ni safi. Jembe huokoa sehemu kubwa ya mavuno ya leo. Kwa mavuno ya kesho, akiba kidogo katika chama, kipande cha mihogo mahali pa juu, na mkataba wa bima uliosomwa vizuri ndivyo vitakavyomwezesha kurudi shambani.

Katika mkutano ujao wa skimu yenu, simama uulize mambo mawili: siku ya kuzibua mitaro ni lini, na ni nani atakwenda kwa niaba ya wenye ploti za chini kuuliza habari za bima. Mwalikeni Bwana Shamba aje akiwa na mkataba mkononi, ausome mbele ya watu wote, kipengele kwa kipengele. Fanyeni hivyo mbingu zikiwa bado buluu.